Manyoya ya Bawa Moja

Podo lile lilikuwa limening'inia kwenye boriti ya jikoni kwa miaka mingi, hata wajukuu wa nyumba ile hawakulihesabu tena kuwa ni kitu. Moshi wa kuni ulikuwa umelitia weusi wa chungu, buibui wamelifanya maskani yao, na mzee mwenyewe halitazami ila siku ya kuezeka paa upya. Liliposhuka, halikushushwa na mkono wa mtu. Tarehe 22 Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, ukaikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma hapo penye daraja, na watu wengi wa Magole na Dumila wakajikuta hawana nyumba wala mazao. Kwa mzee ulianguka ukuta mmoja tu, wa jiko. Boriti ikainama, podo likateleza likazama matopeni pamoja na vyungu.

Alilifukua siku ya pili yake. Mishale kumi na miwili ilikuwa ndani. Mawano yake ya mkole hayakuvunjika, na vyembe vya chuma vilikuwa vimeshika kutu ya juujuu tu. Kilichoharibika ni kile kilicho chepesi kuliko vyote. Kano zilizoyafunga manyoya zilikuwa zimelowa, zikalainika kama tambi, zikafunguka zenyewe. Na manyoya, ambayo hapo kabla yalikuwa yameshaliwa na wadudu na kukaushwa na moshi, yalibaki uti mtupu wenye nyuzi mbili tatu pembeni, mfano wa chanuo lililong'oka meno.

Jirani yake alikuwa Mpemba, mzaliwa wa Wete, mwenye duka la vyombo na nguo pale njia panda inapoachana barabara ya Dodoma na ile ya Kilosa. Wapemba wametapakaa bara yote kwa maduka yao, na Dumila nako hawakosekani. Ni mji wa magari na wachuuzi, wa mpunga, vitunguu na nyanya zinazopandishwa madirishani mwa mabasi. Siku hizo barabara ilipokatika hapakuwa na basi wala mnunuzi. Mpemba akafunga duka, akachukua kigoda chake, akaenda kuketi barazani kwa mzee. Alikuwa na lake moyoni. Tangu utotoni alikuwa akisikia habari za mishale katika tenzi ambazo baba yake alizisoma kwa sauti baada ya sala ya Isha. Lakini mshale wenyewe, wa mti na chuma, hakupata kuushika mkononi hata mara moja.

Alipoushika alistaajabu kwa wepesi wake. Akauliza kwa nini mzee anahangaika na manyoya, na chembe bado ni kikali. Akaongeza na methali, kama walivyo watu wa pwani wasioweza kuuliza swali bila kulitilia methali: mshale usio nyoya hauendi mbali.

"Unakwenda," mzee akamjibu. "Unakwenda usikotumwa."

Mambo yalivyo ni kama alivyosema mzee. Mshale unapoachiwa hauondoki ukiwa umenyooka. Upote unausukuma kwa nyuma kwa nguvu ya ghafla, chembe kwa uzito wake kinakawia mbele, na wano hulazimika kupinda. Huukwepa mti wa uta kwa kunyumbuka kama samaki, kisha hupinda upande wa pili, na tena upande wa kwanza. Katika miaka ya 1930 wataalamu walipiga picha za kasi zilizoonesha jambo hili waziwazi, ambalo jicho la mtu haliwezi kulinasa. Kinachomaliza kunyumbuka huko ni unyoya. Hewa huushika mkia wa mshale, huuvuta nyuma kidogo, na kuulazimisha ufuate njia ileile iliyotangulia chembe. Ukiwa mzima, mshale hutulia kabla haujafika mbali. Ukiwa umeliwa, mshale huendelea kuyumba. Na kwa kuwa kila unyoya umeliwa kwa kiasi chake, huvutwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mpigaji ameshika barabara, jicho lake ni zima, mkono haukutetemeka, na bado kinachopigwa ni kingine. Mzee alikuwa akiuogopa mshale wa namna hiyo kuliko ule wenye sumu. Wagiriama, kwa njia, huiita sumu ya mishale utsungu, neno lililo ndugu wa uchungu. Na hilo Mpemba alilijua, akalisema, na mzee akaafiki kwa kutikisa kichwa bila kunyanyua macho.

Manyoya ya kale katika podo lile yalikuwa ya tumbusi na ya kanga wa porini. Mzee alifundishwa kazi hii na mjomba wake, miaka ile ile Mikumi ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, na mjomba hakutaka kusikia habari ya unyoya mwingine. Wa tumbusi ni mrefu, mgumu, na hauloi upesi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana mapenzi na manyoya ya ndege hao hao wawili. Lakini tumbusi hawaonekani tena kama zamani. Mizoga hutiwa sumu, na ndege hufa kwa makundi wakiwa juu ya chakula chao. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliandikwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile kuwa zimo hatarini kabisa kutoweka. Na hata kama wangekuwapo tele, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inauhesabu unyoya kuwa ni nyara, sawa na pembe na ngozi. Anayeuhifadhi bila kibali ana kesi ya kujibu. Mzee hakuwa mtu wa kukamatwa uzeeni kwa unyoya. Akasema atatumia jogoo.

Kwa mtu wa nje, jogoo ni jogoo. Mpemba alileta siku ile ile fungu la manyoya aliyoyaokota nyuma ya mgahawa mmoja, marefu kwa mafupi, na alidhani amemaliza shida ya rafiki yake. Mzee aliyamwaga juu ya mkeka, akaanza kuyachambua kwa ncha ya kidole. Ya kifua aliyatupa. Ya mkia yenye kupinda kama mundu, yaliyo mazuri mno kwa macho, aliyatupa vilevile. Alibakiza ya mabawa. Kisha akayatenga tena mafungu mawili, na hapo Mpemba hakuona sababu, maana yote yalikuwa mekundu, yote marefu, yote mazima.

"Haya ya kulia. Haya ya kushoto."

Unyoya wa bawa haukunyooka. Una mkunjo mdogo, kama kiganja kilichotaka kuchota maji, na mkunjo wa bawa la kulia huelekea upande ulio kinyume na ule wa kushoto. Manyoya matatu ya bawa moja, yakifungwa kuuzunguka mkia wa mshale, huuzungusha mshale hewani kwa upande mmoja, nao hutulia kwa kuzunguka kwake, mithili ya pia. Tia mawili ya kulia na moja la kushoto, nayo yatashindana njiani. Mshale utapepesuka. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mkononi hauoneshi dosari yoyote. Mtu anaweza kuutia podoni akautembeza miaka kumi asijue. Huko Uingereza, mwaka 1417, Mfalme Henry wa Tano aliamuru kila bata bukini katika majimbo mengi ya nchi yake atolewe manyoya sita ya bawa kwa ajili ya mishale ya vita, na mtu hawezi kujizuia kuwaza ni watu wangapi walioketi wakayachambua malaki hayo ya manyoya, kulia na kushoto, pasipo jina la mmoja wao kuandikwa popote.

Mpemba aliliwaza jambo hilo kwa muda, kisha akacheka peke yake. "Kumbe nyoya nalo lina kina chake, Mzee wangu. Ukichanganya, shairi limeanguka."

"Mimi sijui kina," mzee akasema. "Najua bawa."

Kazi yenyewe haina haraka. Kwanza alizivua kano zilizobaki katika mishale yote kumi na miwili, akayang'oa mabaki yote ya manyoya, akaufuta ulimbo wa kale kwa maji ya moto na kuparuza mkia wa kila wano mpaka mti ukaonekana tena, mweupe. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko ulivyoonekana, kama itakavyoelezwa. Mishale minne kati ya hiyo, kwa kweli, manyoya yake yangeweza kuvumilia msimu mmoja zaidi. Nayo aliivua.

Kisha huja kupasua. Unyoya hushikwa kwa ncha, kisu kikapitishwa katikati ya uti wake, kuanzia juu kwenda kwenye shina. Ukiupasua kwa nguvu unapasuka ovyo, ukiuachia kisu kifuate njia yake unafunguka wenyewe kama ganda la ndizi. Ubavu ulio mwembamba hutupwa. Ubavu mpana ndio utumikao, na uti wake husuguliwa juu ya jiwe mpaka uwe bapa, upate kulala juu ya wano pasipo kuinuka. Halafu kano. Mzee alikuwa na kano za mgongo wa ng'ombe, alizozipata bucha, zilizokaushwa na kupondwa na kuchambuliwa nyuzi nyuzi. Aliutia uzi mmoja mdomoni, akautafuna taratibu huku akizungumza, mpaka ukalainika na kushika utelezi; kisha akaanza kufunga kutoka upande wa mbele wa unyoya, akiuzungusha mshale kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuupitisha uzi katikati ya nyuzi za unyoya bila kuziumiza. Kano haihitaji fundo. Ikikauka hujibana yenyewe na kushika kuliko gundi ya dukani. Adui yake ni maji tu, na hayo yalikwisha kuonekana.

Mshale mmoja ulimchukua asubuhi nzima. Mpemba alihesabu.

Ng'ombe aliyetoa kano zile alikuwa wa Mparakuyo mmoja, mzee wa makamo ya mzee huyu, ambaye walifahamiana tangu ujana wao na ambaye majirani humwita Mkwavi bila kumuudhi. Yeye ndiye aliyewaambia wenye bucha wamtunzie rafiki yake kano za mgongo wasizikatekate. Katika nchi nyingine jambo hili lisingestahili kutajwa. Katika wilaya ya Kilosa lina uzito wake. Mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, upande wa njia ya kwendea Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo, na mwaka 2009 wafugaji wengi waliondoshwa kwa nguvu pamoja na mifugo yao. Aliyezika hakusahau, na aliyeswagwa na ng'ombe wake barabarani hakusahau. Mashamba na malisho yamekaa kandokando ya maji yale yale, na kila kiangazi ng'ombe hushuka na mahindi huwa bado yako.

Mpemba aligundua siku moja, kwa kulitazama podo tupu lililoanikwa juani, kwamba ndani yake mlikuwa na vishimo kumi na vitatu katika kitako cha ngozi, pale ncha za vyembe zilipozoea kukaa. Akauliza. Mzee akasema mmoja uliazimwa. Hakusema uliazimwa na nani wala mwaka gani. Alisema tu kwamba aliyeuazima hakuurudisha, na yeye hakuudai. Watu wa pwani wana methali yao, kwamba mshale kwenda msituni si kwamba umepotea. Ilimjia Mpemba ulimini, akaimeza.

Ufundi huu ungeweza kwisha mwezi wa Machi. Haukwisha. Jogoo wa kienyeji, katika kila bawa, hana manyoya yafaayo zaidi ya matatu au manne. Mshale hutaka matatu ya bawa moja. Basi jogoo mmoja ni mishale miwili. Na jogoo hachinjwi kwa ajili ya manyoya yake: huchinjwa kwa mgeni, kwa mgonjwa, kwa sikukuu. Fungu la kwanza la mgahawani lilitoa mishale miwili tu, maana mengine yalikuwa yamevunjika. Masika yakaingia, unyevu ukazidi, na mzee akasema kano haikauki katika hewa ile. Mtu mmoja wa Magole alikuwa na bata mzinga dume, mwenye mabawa ya kutosha kuivisha mishale yote iliyobaki, naye aliyatoa bure alipomchinja. Mzee aliyapokea kwa shukrani, akayapima mkononi, akasema ni mazito mno kwa wano la mkole. Yumkini ni mazito. Mpemba, ambaye kwa kazi yake ni mtu wa kupima vitu kwa mkono, hakuyaona mazito.

Mwishoni mwa Julai, Idi ya Mfunguo Mosi, Mpemba alichinja jogoo wake na kuleta mabawa mawili yaliyofungwa katika gazeti, kila moja peke yake. Mishale ikawa minne.

Agosti akaja mpwa wake. Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Podo lile lilitoka kwa mjomba, na kwa mtoto wa dada ndiko lilikopaswa kwenda, si kwa watoto wa mzee mwenyewe. Kijana alikuwa na haki ya kuuliza. Alifika na pikipiki akiwa na wenzake wawili, ambao hawakushuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alieleza kwa adabu, lakini kwa haraka, kwamba ng'ombe wameingia usiku katika mashamba ya watu, mahindi yameliwa, mlinzi mmoja amepigwa fimbo, na vijana wamekubaliana. Amekuja kuchukua mishale.

Mzee aliingia ndani akatoka na mafungu mawili. Katika fungu moja mlikuwa na mishale minne, myekundu mkiani. Katika jingine mlikuwa na fito nane zenye vyembe, zilizo uchi. Aliyaweka yote mawili juu ya mkeka.

"Hii bado," akasema.

"Tupe hiyo minne, na hii mingine ivyo hivyo."

"Uchi?" Mzee aliuokota mmoja uliokuwa mtupu, akamnyoshea upande wa mkia. "Simama kando ya mwenzako, nawe uurushe huu. Uniambie utampiga nani."

Kijana aliugeuza mshale mkononi. Alijua kupiga uta. Alifundishwa na mikono hii hii. Aliuliza manyoya yatakwisha kutiwa lini. Mzee akamwambia habari za jogoo, mabawa mawili, manyoya matatu, kano isiyotaka haraka, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kumweleza mtu habari za mvua. Na podo, akasema, halitoki nusu. Mjomba wao hakupata kulitoa nusu. Wale wawili juu ya pikipiki walipiga honi. Kijana akaurudisha mshale mkekani, akaaga, akaondoka.

Mpemba alikuwapo barazani muda wote na alijua si mahali pake kusema. Jioni alirudi, na kwa kuwa hawakuweza kuzungumza habari iliyokuwa vifuani mwao, alimsimulia mzee habari za Fumo Liyongo. Watu wa visiwani wanayajua mambo haya tangu utotoni: jinsi shujaa yule wa Pate na Ozi alivyochukiwa na mfalme, na jinsi Wasanye na Wadahalo walivyotumwa wamuue. Waliandaa kikoa cha makoma, kila mtu kwa zamu yake apande mkoma aangushe matunda, wakikusudia kumpiga mishale Liyongo atakapokuwa juu. Zamu yake ilipofika Liyongo alichagua mkoma mrefu kuliko yote, hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale. Ndivyo ulivyo utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na Mpemba aliusimulia kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mzee hakuizoea lahaja ya kaskazini.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza: "Mishale yake ilitiwa manyoya na nani?"

Mpemba alifikiri. Baba yake hakumwambia, na utenzi nao haukumwambia. Kuna mama, kuna mtoto, kuna kijakazi, kuna mkate wa wishwa uliofichwa tupa. Fundi wa manyoya hayumo. Ili aiokoe hadithi yake, akaendelea mpaka kifo cha Liyongo: jinsi mwanawe mwenyewe alivyomchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, naye akaamka akachukua uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akafa vivyo hivyo ameelekeza. Watu wa mji wakamwona kwa mbali wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, mpaka mama yake alipoletwa kumsihi, na mwili ukaanguka.

"Siku ngapi hawakuteka?"

"Nyingi, Mzee wangu. Walikuwa taabani kwa kiu."

"Kwa mshale ambao haukurushwa."

"Ambao haukurushwa."

Mzee hakusema zaidi. Aliwasha taa, akaokota ubavu wa unyoya, akaanza kuusugua jiweni, ingawa hakuwa na desturi ya kufanya kazi hiyo usiku.

Mambo ya Agosti hayakufika pale yalipotazamiwa kufika. Palikuwa na vikao, viwili vya wazee na kimoja mbele ya viongozi. Fidia ya mahindi ilikadiriwa, ikagombewa, ikalipwa kwa sehemu. Mlinzi alipona. Mtu anaweza kusema ni vikao vilivyozuia, au ni uchovu, au ni bei ya mahindi iliyokuwa imeshuka hata hayakustahili kufiwa. Mpemba hakupata kumuuliza mzee kama aliivua mishale yote siku ile ya Januari kwa sababu ilikuwa mibovu, au kwa sababu alikwisha kukihesabu kiangazi kitakachofuata. Ni swali ambalo mtu mwenye adabu hamuulizi aliyemzidi umri. Na huenda mzee mwenyewe asingekuwa na jibu moja.

Oktoba, baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, mishale ilikuwa kumi na mmoja. Kijana alirudi, safari hii peke yake, bila pikipiki. Alipakuliwa ugali akala, kisha akavuta mkeka karibu, akauliza kama anaweza kuutengeneza ule wa kumi na mbili yeye. Mzee akamsogezea kisu na manyoya. Alipasua wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu aliuokota kwenye fungu la upande wa pili wa mkeka, kwa sababu ulikuwa mwekundu zaidi, akausugua, akaupachika, akaanza kufunga kano. Mpemba aliona. Mzee aliona vilevile, naye alimwacha afunge mpaka mwisho, akate uzi, auanike mshale juani robo ya siku.

Alasiri walikwenda nyuma ya nyumba, ambako kulikuwa na mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Kijana alishika uta, akavuta, akaachia. Mshale ulitoka, ukapepesuka, ukaupita mgomba kwa upande wa kushoto kadiri ya hatua mbili, ukaingia katika magugu. Akautazama uta, akautazama mkono wake. Mzee akampa mmoja kati ya ile kumi na mmoja. Ukazama katika shina la mgomba bila kelele.

Waliutafuta ule wa kwanza mpaka jua likaanza kushuka, wote watatu, wakipekua magugu kwa fimbo, na Mpemba ndiye aliyeuona. Kijana aliuchukua, akaugeuza mwangani, unyoya baada ya unyoya, muda mrefu. Kisha akauliza maji yako wapi, akauloweka mkia wa mshale ndani ya kata, akaketi kusubiri kano ilainike.

Dukani kwa Mpemba, chini ya meza ya hesabu, kuna makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyokwisha maziwa. Kila achinjapo jogoo, manyoya ya bawa hili huenda katika kopo hili na ya bawa hili katika lile. Ameyaandika kwa wino, kwa hati za Kiarabu, asije msaidizi wake akayachanganya.